Kikombe cha Kauri

Baba alikuwa fundi wa nguzo, laini ya Kisesa hadi Magu.
Kila baada ya dhoruba alirudi na vikombe vya kauri
vilivyopasuka. Kimoja mama alikifanya
kizito cha mfuniko, paka asifikie dagaa.

"Hiki," baba alisema, akikigonga kwa ukucha,
"ukikipa chaji hapa, kesho utaikuta hapa hapa.
Kinaitwa kihami, na chaji yake haihami!"
Akacheka peke yake.
"Shaba je? Shaba haiweki kitu moyoni.
Imwagie chaji: chembe kwa chembe zinachukiana,
zinakimbiana mpaka ngozi ya nje.
Na ndani, mwanangu, hamna. Uga ni sifuri."

Uga. Nikauwaza uga wa shule yetu Igoma siku ya Jumapili,
vumbi tupu, hakuna wa kusukuma wala kusukumwa.

Nilimwamini siku radi ilipolipiga lori la kazi
pale Nyanguge, ziwa jeusi kama kitako cha sufuria,
mimi na yeye ndani, bati limetuzunguka.
Weupe. Kishindo.
Kisha waipa zikaendelea kufuta mvua
kana kwamba hakuna aliyetuita.

Mwaka uliofuata akahamia Geita.
Kuna mwanamke huko, ana duka la vipuri.

Mama alibaki kauri. Neno lilipomgusa
ndipo lilipokaa, miaka tisa:
upande wa kushoto wa kitanda haukulaliwa.
Mimi nilikuwa shaba. Yote yalinikimbilia usoni,
kicheko, rangi ya kucha, marafiki wa Kirumba,
na yaliyozidi yakasongamana penye ncha,
yaani ulimini. Niliwachoma wengi.
Ndani sifuri. Nikaiita amani.

Juzi, mwezi wa saba, hewa kavu hata huku ziwani,
tulikuwa tunakunja lile blanketi la nailoni.
Unajua linavyokunjwa: kila mtu na pembe zake,
mnarudi nyuma, mnavuta,
halafu hamna budi kukaribiana.
Vidole vyetu vilipokutana,
ta!
cheche ya buluu, ndogo kuliko jicho la dagaa.

"Wee Nyanzobe!" Mama akaruka, akanyonya kidole,
akacheka, akacheka mpaka akaketi
kitandani, upande wa kushoto.