Hesabu ya Vichwa

Saa moja na nusu asubuhi, Madrid haijanawa uso,
nahesabu vichwa: arobaini na kimoja.
Mwavuli wangu wa kijani u juu hata pasipo mvua,
maana mgeni hamfuati mtu, hufuata rangi.
Naitwa Casilda. Mwaka wa kumi na moja huu nauza jana
kwa watu wanaotaka kurudi hotelini mapema.
Eutimio, dereva, ananyonya pipi ya mnanaa. Hasemi.

Ávila kwanza. Ukuta umekaa kilimani
kama mtu aliyekunja mikono mlangoni pake.
Nawapa malango tisa, minara themanini na minane,
nawaambia upepo wa huku hauna adabu, fungeni shingo.
Korongo wamejenga juu ya kengele za kanisa,
hawakumwomba mtu kibali.
Tunaonja yemas: viini vya mayai na sukari,
vijiduara vya manjano, kila kimoja na kikaratasi chake.
Mama mmoja wa Murcia anatia sita mkobani,
"Za mume wangu," anasema,
na kabla hatujafika Villacastín amezimaliza.

Segovia, adhuhuri. Hapa ndipo huwa natamba.
Nasimama chini ya matao ya mfereji, nashusha sauti:
mawe zaidi ya elfu ishirini,
na hakuna chokaa, hata tone.
Jiwe limeegemea jiwe, basi.
Hapo watu husema aaa.
Nikishaisikia aaa yangu, natazama saa.

Leo mtoto ameinua kidole. Nekane, wa Bilbao,
miaka tisa hivi, mapengo mawili mbele.
"Nani aliyabeba?"
Warumi, nikasema.
"Wote?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha kazini.
"Walikuwa wanaitwa nani?"
Karatasi yangu ina tarehe, ina urefu kwa mita,
ina mahali pa kupumulia.
Nikasema: meza yetu ni saa nane, twendeni.

Maharage meupe, manene kama kidole gumba,
mchuzi wake mzito, mkate wa kuufutia bakuli.
Kisha mwananguruwe wa kuokwa, ngozi ikivunjika
kama majani makavu chini ya kiatu.
Mwenye mkahawa humkata kwa ukingo wa sahani,
si kisu, sahani,
halafu huitupa sakafuni, pa!
na simu thelathini zinainuka kwa pamoja.
Nimeliona jambo hilo mara nisizojua idadi.
Leo nikatazama chini, nione nani anafagia.

Alikuwa yule mwanamke wa mkono wenye kovu la tanuri.
Alizoa vigae, akaenda jikoni, akarudi
na sahani saba juu ya mkono mmoja,
sahani imeegemea sahani,
hakuna kinachozishika ila uzito wake.
Miaka yote hiyo ananipakulia supu ya vitunguu saumu.
Nikamwuliza jina.
Alinitajia mara mbili; mara ya kwanza sikulidaka.
Tsvetana. Wa Bulgaria.
"Una tatizo na chakula?" akauliza.

Nekane hakuona lolote. Alikuwa chini ya meza
akimlisha paka wa watu.
Njiani kwenda basini nikamwambia:
majina yao hayajulikani, hakuna aliyeyaandika.
"Hata wewe huyajui?"
Hata mimi.
Akanitazama kama unavyomtazama mwalimu aliyekosea hesabu,
akaniuliza kama keki zimebaki.

Jua linashuka nyuma ya milima, kioo kina joto.
Nahesabu: arobaini na kimoja, kamili.
Nimeshika kipaza sauti, nimeshafungua kinywa,
nikashuka ngazi moja nikaanza upya,
nikaanzia kwenye usukani.
Arobaini na viwili.
Eutimio akaniangalia kwenye kioo, muda,
akasogeza kikopo chake cha pipi upande wangu.
"Funga mkanda," akasema.