Uliokuja na Mchanga

Ulikuja na mchanga, lori la tani saba
lililomwaga nyuma ya nyumba, Goba, mwezi wa tatu.
Fedha ikakata, ujenzi ukasimama,
mchanga ukabaki, ukaota kitu.

Miezi miwili nikiuita gugu.
Siku nilipoinama na panga
nikaona majani yamekaa mawilimawili,
chini yake vinyweleo, vyeupe, laini
kama kisogo cha kichanga.
Panga likarudi mvunguni.

Fundi Mkumbo alivunja kijiti,
akatafuna, akatema, akasema:
"Kwetu Iramba huu ni mswaki."
Bi Sikudhani akadakia, mswaki gani,
kwao Kisarawe huo hauingii mdomoni,
hufukizwa, mbu wakahama.
Wakabishana juu ya uzio
hadi ugali wa mmoja wao ukaungua.
Kila mmoja alitaja jina la kwao.
Sikushika hata moja.

Tegeta sokoni, muuza mizizi
aliugeuza mara moja, kisha akaniangalia mimi:
"Kwani wewe unaumwa nini?"
Nikajua hapo hakuna jibu,
kuna bei.

Na mbuzi wa Lusinde,
aliyekula mpaka kanga yangu ya harusi,
aliunusa, akapiga chafya, akaenda zake.
Hilo nililiandika. Ni ushahidi.

Tunu akabana tawi ndani ya daftari la hesabu,
tukalipeleka Mlimani, chumba cha makabati ya chuma
na harufu ya dawa ya mende.
Kijana wa pale, Mwakalinga, akavaa miwani,
akahesabu mishipa ya jani kwa ncha ya sindano.
"Nileteeni na ua," akasema. "Bila ua
nitakuwa nakisia,
na kukisia kwenye mitishamba kumeshazika watu."

Basi tukasubiri ua.
Nikamwagilia gugu, mimi,
maji ya kununua, ndoo kwa ndoo,
Bi Sikudhani akicheka dirishani.
Vuli ikachelewa. Likachanua usiku:
kijani juu ya kijani, dogo kuliko punje ya mchele,
linanuka kunde zilizoshika chungu.
Miezi yote ile, kwa hilo.

Simu iliita siku Mkumbo anapiga plasta.
Jina refu, la Kilatini. Sikuwa na karatasi.
Nikaliandika ukutani kwa penseli, herufi kwa herufi,
nikatoka kumwita Tunu aje alisome.
Tuliporudi
Mkumbo alikuwa anasawazisha kwa mwiko,
anapiga mluzi.

Limo humo, ukuta wa jiko,
futi tano kutoka sakafuni.
Ningeweza kumpigia Mwakalinga tena. Nitampigia.
Kwa sasa una kazi zake:
soksi za shule hukaukia juu,
kuku mwekundu ameatamia chini,
na mchanga wa plasta
niliagiza mwingine.