Tochi Haina Pafu

Fundi Bauma, iweke mezani polepole, ni nzito.
Imebonyea ubavuni
pale marehemu alipomchapa nayo mbwa,
au mwizi; kila mwaka alisimulia tofauti.
Miaka kumi na tisa alilinda nayo bohari ya saruji hapa Birere.
Mimi nimeirithi pamoja na madeni ya shule.

Natembea nayo Mugunga, usiku,
maana watoto wa Mugunga hawapendi kuzaliwa mchana,
na umeme ukija huja kama mgeni anayeagia mlangoni.
Juzi nilikata kitovu nimeing'ata kwa meno,
mate yananitiririka hadi shingoni,
na mzazi, uchungu haujamtoka, akanicheka.

Hakujibu. Alifungua.
Akaing'oa balbu ya njano, ile iliyokuwa ikiona haya,
akapandikiza jicho jeupe la pikipiki.
Akatoa zile batri nne nene, zimetokwa na chumvi,
akalehemu nyingine za kompyuta iliyokufa.
Risasi ikafuka, tukakohoa wote wawili.
Sumaku ya spika akaifunga kitakoni:
"Ibandike kwenye bati la ukuta,
mikono yote miwili iwe ya mtoto."
Mkanda ukatoka kwenye mpira wa chukudu.
Kioo chekundu kwa macho yaliyofunguka sasa hivi,
filimbi ya refa (sikuuliza refa yuko wapi),
utepe unaong'aa aliouchana kwenye koti la motari,
na tundu la kuchajia simu,
"kwa sababu watakuomba tu, mama, watakuomba."

Akaimulika dari.
Ikawa adhuhuri huko juu, buibui akakimbia.
"Imekwisha. Elfu arobaini."

Nikasema: bado. Nataka moto.

"Moto? Kwenye tochi?"
Akawaita vijana wa jirani waje wasikie.

Usiku ule mlima ulipopasuka
tuliishika njia ya Sake kwa miguu,
godoro kichwani, sufuria mgongoni.
Dada yangu Nsimire alikuwa na tochi mpya ya dukani.
Tulipochoka alitafuta mahali pa kulaza watoto,
akapata bonde dogo, nyasi laini, hakuna upepo.
Mwanga ule ulikuwa mzuri, sikatai.
Ulionyesha kila jani, kila chungu.
Haukuonyesha mazuku.
Uliwaka hadi alfajiri juu ya Ushindi, miaka minne,
aliyelala kama wengine wanavyolala.

Koroboi ingezimika, Bauma.
Koroboi ya kopo, ya bei ya ndizi mbili,
ingelegea, ikafa, nasi tungewanyakua watoto tukapanda juu.
Utambi unavuta hewa hiihii tunayovuta.
Tochi haina pafu.

Vijana wakarudi kwenye redio zao.
Bauma akainama chini ya meza, akakaa huko muda mrefu
kwa mtu anayetafuta kopo la nyanya tu.
Akalitoboa, akatia utambi, akalining'iniza
kwa mnyororo wa funguo chini ya tochi.
Akapima kiunoni. Akashusha.
Gotini. Akanitazama, akashusha tena.
"Alikuwa kimo gani?" akauliza.
Nikamwonyesha kwa kiganja.

Alichukua elfu arobaini yake. Kopo halikutajwa.

Sasa wananiona kutoka mbali wanasema:
yule mkunga amepagawa, anatembea na taa yenye mkia.
Ile nyeupe hutangulia, inajigamba,
inahesabu mawe meusi hadi mlangoni pa watu.
Kale kamoto kananifuata chini chini, kananuka mafuta.
Jana, kwenye kishimo kabla ya kanisa, kalilala ubavu.
Nikabana pumzi, mguu mmoja hewani.
Kakafikiri.
Kakasimama.
Nikapita.