Zamu ya Asubuhi

Natoka tanurini saa kumi na moja alfajiri,
unga masikioni, unga kwenye kope.
Bydgoszcz bado giza, theluji ya jana imegeuka mawe.

Kwenye ngazi za ghorofa ya pili nakutana na Bogna.
Yeye anashuka, mimi napanda;
mwezi huu ndoa yetu inaishi ngazini.
Ananipa ufunguo wenye joto la kiganja chake,
ananibusu, busu linaangukia sikioni,
anatema unga, anasema kwa pumzi moja:
Tymek kakohoa usiku, soksi za kijani hazijakauka,
mwalimu wa Jagoda anataka vigogo kumi,
si wale wa serikali, vya karatasi ya choo,
vya kadibodi, vya katikati, leo, si kesho.
Kisha visigino vyake, ko ko ko, hadi mlango wa chini.

Vigogo kumi!
Nani huweka akiba ya vitu hivyo?

Jagoda yu macho. Ana miaka mitano
na uso wa karani wa posta saa ya kufunga.
"Umeleta nini?" Hiyo ndiyo salamu yake.
Natoa mfukoni mkate uliopinda, usiouzika,
anaukagua kama afisa wa forodha,
anammegea mdogo wake upande wenye ufuta kidogo.
Tymek ana miaka miwili na neno moja: tena.
Tena mkate. Tena begani.
Tena ule mchezo wa kurushwa juu
ambao mgongo wangu ulikwisha kuupigia kura ya hapana.

Usingizi unanidai.
Si deni la leo, ni la tangu Oktoba, na lina riba.
Nakaa ukingoni mwa bafu nikiwaza vigogo.
Kabatini kuna pakiti mpya, roli kumi, tulizinunua kwa punguzo.
Jagoda anaitazama, ananitazama.
"Baba," polepole, kama anayemfundisha mzito wa kuelewa,
"kigogo kimo ndani."

Basi tukafungua.
Tymek alishika ncha akakimbia nayo korido nzima,
akazunguka meza ya jikoni, akarudi bila ncha.
"Tena!"
Roli ya pili. Ya tatu.
Karatasi ikajaa bafu, ikapanda kingo, ikamwagika,
nami nikasema nafumba macho kidogo tu,
nusu roli, si zaidi.

Nilipoamka nilikuwa sakafuni, nimefunikwa hadi kidevuni,
tabaka juu ya tabaka,
na Tymek kifuani, mzito, wa moto,
akikohoa ndotoni.
Jagoda kaketi kwenye kigoda, koti kavaa, kofia kavaa,
buti la kushoto mguu wa kulia,
mapajani mfuko wa vigogo.
"Nimekuacha ulale mpaka mshale mrefu ufike juu."
Akafikiri.
"Umekoroma kama mashine ya kukandia."

Tulichelewa, ndiyo.
Bi Wirginia alihesabu mlangoni, akahesabu upya.
Tisa.
"Cha kumi kina kazi," Jagoda akamwambia,
akanyoosha kidole kwenye kigari:
Tymek, kigogo jichoni,
akiitazama tramu, njiwa, pua ya Bi Wirginia,
na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Jioni Bogna aliingia, akavua skafu,
akaliona kapu la nguo likifurika weupe.
Hakuuliza. Alichota konzi moja, akapenga kamasi.
"Kumi?"
"Tisa."
Akacheka mpaka akakaa juu ya viatu vyangu,
nikachelewa tena, kazini safari hii.

Sasa ni Machi. Soksi za kijani zimekauka, moja imepotea.
Kapu bado liko chooni,
nasi tunachota karatasi kwa konzi,
kila mtu kwa kipimo chake,
kama watu wanaopima unga.