Ankara Nambari Moja

Miaka ishirini na mitatu nimebeba begani
miguu mitatu ya mbao, kwa mshahara wa Bragança.
Siku waliponiita ofisini nilikuta kahawa mezani,
nikajua: pale hawakumiminii bure.

Nikauza pikipiki ya marehemu kaka,
nikanunua droni ya panga nne,
nyepesi kuliko kilo moja ya viazi,
na kitabu cha sheria za anga
kizito kuliko droni.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira.
Timu ilivunjika, vijana wako Ufaransa wakipaka rangi nyumba za watu;
magoli hayana nyavu, majani yanafika magotini.
Alfajiri, kabla upepo haujaamka,
mimi Zulmira, miaka hamsini na mmoja,
nilijifunza kusimama hewani bila kutikisika.
Dole gumba la kushoto linasema juu,
la kulia linasema mbele,
akili katikati imegoma kama punda.
Mara mbili niliiparamisha mwaloni.
Mara moja mwewe aliishukia akidhani ni jirani mpya,
nikaikalisha haraka, nikamwachia mbingu yake
hadi kesho.

Ramani yangu ya kwanza ilitoka nzuri kama picha ya harusi,
na ya uongo vilevile.
Shamba la Amílcar, tambarare kama meza,
lilikuwa limebonyea katikati, bakuli la supu.
Nikalilaumu jua. Nikalilaumu jicho la kamera.
Usiku wa tatu, chai imepoa, ndipo nikaona:
sikuwa nimepigilia kitu ardhini.
Niliiamini mbingu peke yake.

Basi nyonga nilizokwisha kuziaga kabla ya kuruka
zikarudi kazini.
Nikakata zulia la plastiki la jikoni,
nikachora misalaba, nyeusi juu ya nyeupe,
nikapanda na kushuka nikiipigilia misumari,
nikipima kila mmoja hadi upana wa kidole.
(Mmoja mbuzi aliuvuta kando, mita mbili.
Sasa nikimaliza kupima, namhesabu mbuzi pia.)

Bi Eufrásia alikuja Oktoba, na ufunguo shingoni.
Vishamba kumi na vinne vya urithi, vimetapakaa mlimani
kama vifungo vya shati lililochanika.
"Mume wangu aliniambia mpaka ni pale
vinapoanza vichaka vya maua ya zambarau.
Lakini vichaka vimeungua.
Na yeye, unajua."

Nikarusha. Dakika kumi na tisa za betri,
nenda, geuka, rudi, kama mtu anayelima.
Chini yote ni majivu,
na ndani ya majivu, mistari:
kuta za mawe ambazo miiba ilizifunika
tangu kabla sijazaliwa,
zote wazi, zimenyooka, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Moto ulikuwa umenifanyia nusu ya kazi.
Sikumwambia hivyo.

Aliinamia skrini, akahesabu kwa ncha ya ufunguo:
kumi na mbili, kumi na tatu.
Cha kumi na nne hatukukiona siku ile.
Kisha akacheka ghafla,
"Ile pale ni shuka yangu! Nimesahau kuianua!"
Doa jeupe, pikseli sita kwa nne,
kamba ya nguo, nyuma ya nyumba.

Usiku nimekaa na ankara.
Jina langu juu, si la kampuni;
herufi zinaonekana kubwa mno.
Nimeandika bei. Nimeifuta.
Nimewaza majivu yake, nikaandika nusu.
Nimewaza misumari, nyonga, kitabu, pikipiki ya kaka,
nikairudisha ilivyokuwa,
na chini yake, kwa mkono:
waweza kulipa robo kwa lozi, zikikomaa.

Kesho narudi mlimani, kwa miguu,
kukitafuta cha kumi na nne.