Utenzi wa Pijo Lililolewa

Sina wino wa dhahabu
Wala siombi thawabu,
Nina kovu, ndilo jibu:
Litazame, ni gotini.

Dereva wetu Mmbone,
Binamu wangu, mnene
Wa sauti, si mwingine
Ashikaye usukani.

Vugutsa yu kiti mbele
Akihesabu milele
Faida zetu za kale
Zisizokuja nyumbani.

Nami nyuma na mitungi,
Chang'aa ya moto mwingi,
Kazi yangu si ya wengi:
Kuipakata pajani.

Kapika nyanya Kageha
Kwa siri na kwa furaha,
Akasema: “Si mzaha,
Pesa zangu viganjani!”

Pijo hili, rangi kutu,
Milango yake mitatu,
Wa nne ni kamba yetu
Ya mbuzi, toka zizini.

Saa nane tukashuka
Mbale, taa zatoweka,
Majengo twaruka ruka,
Meno yagonga kinywani.

Mara nyuma, taa mbili!
Ni Landirova, si mbali,
Koplo Mutinda mkali
Kichwa kiko dirishani.

“Simama!” “Hatusikii!”
Mmbone hapunguzii,
Kona hii, kona hii,
Mwamba ule, jishikeni!

Tulikata kwa Kidiya
Uani, bila kugwaya,
Suruali yake mbaya
Ikatua kiooni.

“Sioni!” “Washa waipa!”
“Fundi ndiye tulimpa
Juzijuzi, kumlipa,
Kumaliza lile deni.”

Gambogi Pijo lakwama,
Lakohoa na kuhema,
Petroli imeshahama,
Hamna tone, jamani.

Mmbone haombi dua.
Mtungi akafungua,
Akamimina. Mvua
Ya noti, hadi tangini!

Pijo likanywa, layumba,
Laimba kupita nyumba,
Na ua likaukumba,
Likacheka, masikini.

Kamba ya mbuzi, mwenzangu,
Ilikatika; na langu
Goti na kiatu changu
Vikaburuzwa lamini.

Nyuma Landirova, zii.
Serikali haitii
Mafuta tarehe hii
Ya mwezi kuwa mwishoni.

Koplo kaja polepole,
Akanusa: “Ndiyo ile?
Nipeni nami, na zile
Pingu ziko kituoni.”

Mmbone kataja bei
Mara tatu; hapokei
Ahadi. “Hatutetei
Bei, afande. Lipeni.”

Kisha tukaanza tena,
Magari mawili, bwana,
Yayumba na kutukana
Kiboswa, barabarani.

Manyata tukawasili,
Mitungi mitupu, kweli,
Injini ilinywa mali
Kuliko wa kilabuni.

Nyanya kahesabu noti
Za Mutinda, akaketi,
Akafunga hili goti
Suruali ya jirani.

Halafu kasema: “Wana,
Polisi hulipa sana!
Kesho mkimbizwe tena,
Nitapika mapipani.”