Saa Sita: Hakuna

Futi yangu ya kushonea, ule utepe wa njano
uliofutika namba toka sitini hadi sabini
kwa kuzungushwa viuno vya watu wa Ndosho,
Kanyere ameichukua tena.
Mteja anangoja gauni la harusi,
nami namsaka mwizi wa miaka mitano.

Nampata uani, juu ya jiwe jeusi
lililoshuka toka mlimani likiwa uji wa moto
kabla hatujajenga hapa.
Amesimama wima kama nguzo ya umeme usiofika.
"Mama, toka hapo! Unanikanyaga!"
Natazama chini:
kweli, nimemkanyaga kivuli chake kichwani.

Ni saa mbili. Natoa chaki ya kuchorea vitambaa,
napiga mstari mweupe juu ya weusi wa jiwe
toka kisigino mpaka utosi.
Anapima. Futi inaisha, kivuli bado kinaendelea.
"Niko murefu kukupita!" ananiambia,
nami sina hoja.

Saa nne turudi. Mstari mwingine, mfupi,
nao umekoma palepale
penye namba zilizofutika.
Basi tukaanzia hamsini na tisa,
tukahesabu kwa vidole, tukakosea,
tukaanza upya. Cherehani kimya.

Saa sita.
Kanyere anainua mguu mmoja, anachungulia chini yake.
Anainua wa pili.
"Nani amekiiba?"
Nikafungua mdomo nijibu kama mama,
jibu halikuwamo.
Nilitaka kusema *nenda ukacheze,*
nikakumbuka kwamba ndicho anachofanya.
"Wewe unadhani kimeenda wapi?"
Akafikiri, mkono tumboni.
"Nimekimeza."
"Haya. Jioni tuone kama utakitapika."

Akakitapika. Saa kumi kilikuwa kirefu tena,
ila kimegeuka:
asubuhi kilielekea Sake,
sasa kinaelekea mpakani
na hakuna askari aliyekidai karatasi.

Usiku tuna kitabu kimoja,
nilikiokota Birere kati ya suruali kuukuu,
mia tano, hakina jalada,
na ukurasa wa kumi na moja umechanwa.
Mimi kusoma nimejifunza nikiwa na miaka thelathini,
kwa hiyo kidole changu kinaburura silabi
kama mtu anayevuta bidoni la maji kupanda mlima.
Ju-a... li-na-po-chwe-a...
Kanyere hana haraka. Anaegemea bega langu.
Nikiruka neno gumu ananishika:
"Hapo kuna kitu, Mama. Hukukisema."
Hajui herufi, lakini anajua kidole kimerukia wapi.

Kisha akaninyang'anya simu yenye tochi,
akasimamisha kibiringo cha uzi mwekundu juu ya meza.
Tochi chini, kivuli kikalala mpaka ukingoni.
Tochi juu, kikanywea.
Tochi juu kabisa: kibiringo peke yake, yatima.
Akarudia. Akarudia mara ngapi sijui,
betri ikabaki asilimia nne,
na mimi, mchoyo wa betri, sikusema kitu.
Halafu kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyegundua siri ya jirani:
"Mama. Uzi hautembei.
Ni tochi ndiyo inatembea."

Nilikuwa nimezaa mara tatu
na sikuwahi kulifikiria jambo hilo hadi mwisho.

Usiku mvua ikanyesha, ikafuta uani mistari yote.
Akalia, kidogo tu, akiwa na uji mdomoni.
Tukakata karatasi ya kukatia nguo,
tukaibandika pale palipochanwa, ukurasa wa kumi na moja,
yeye akachora, mimi nikaandika, tahajia ya bahati nasibu:

*Saa mbili: futi haikutosha.*
*Saa nne: penye namba zilizofutika.*
*Saa sita: hakuna.*

Gauni lilichelewa siku moja.
Bibi harusi alikuja amekasirika;
nikamwonyesha ukurasa.
Akausoma, akanyamaza,
akatoka nje kwenye jua
akitazama miguu yake.